Wimbo Uliochezwa Kabla ya Siku Yake

Walimshika mkono wa kushoto, ule wa kubonyeza nyuzi, wakaulaza juu ya santuri iliyokuwa inazunguka. Santuri ikakwama, wimbo ukakatika katikati ya neno. Karani akasema, "Mfungueni kiganja." Vijana wawili wa hirimu lake, rika lake karani, wakakikunjua kiganja cha mume wangu kidole baada ya kidole, kama mtu anayembandua pweza jiweni. Mwingine aliingia jikoni kwangu akatoka na mchi wa kutwangia mpunga. Mchi wangu mwenyewe, nilioletewa na mamangu siku ya arusi. Alitaka apige yeye. Karani akamwambia, "Lete hapa," akaupokea kwa mikono miwili.

Pigo la kwanza lilivunja santuri na vidole kwa pamoja. Mlio ulikuwa mmoja. Mpaka leo siwezi kukwambia kipi kilikuwa kipi.

Mume wangu hakupiga kelele. Aliniangalia akasema, "Mwanamke, iondoe fidla." Fidla ilikuwa kitandani, na aliogopa wataimalizia hasira. Nikaruka nikaikumbatia, na nilipogeuka mmoja wao alikuwa ameshaokota kipande cha santuri. Santuri za siku zile hazikuwa hizi za sasa zinazopinda. Zilikuwa nzito, nyeusi, na zikivunjika huota meno kama kigae cha mtungi. Akanichapa nacho usoni. Jicho langu la kulia liliishia hapo, Ijumaa ile, baada ya sala, jua likiwa utosini na wali wangu ungali motoni.

Mapigo yaliyofuata niliyasikia tu. Sikuyaona.

Naanza hapo makusudi. Watu wa Moroni wakisimulia kisa hiki huanzia kwenye wimbo. Ati wimbo ulikuwa mtamu, ati fundi alikuwa na mkono mwepesi, ati santuri ilifika mpaka Unguja. Wakiukaribia mchi wanakohoa, wanaagiza kahawa nyingine. Mimi sina kahawa ya kumpa mtu.

Elimu pia sina. Nilisoma chuo cha Kurani, basi. Herufi hizi za Kizungu na Kiswahili hiki nilivipata Unguja kwa mama mdogo, nilikolelewa mpaka nikawa mwari. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kingazija sikufundishwa kukiandika, na Kifaransa ni lugha ya karani. Majina sitayataja. Usidhani naogopa, niogope nini, nimebaki na nini? Nataka kila mmoja ajitambue kwa alichokifanya, na wajukuu zake wakisoma wamuulize, "Babu, huyu si wewe?"

Kwetu kisiwani Ngazija nyumba ni ya mwanamke. Mama humjengea binti yake, mume huja na sanduku. Wangu alikuja na sanduku na fidla. Alikuwa Mnzuani, mtu wa Mutsamudu, kisiwa cha jirani, na mamake asili yake ni Patsy, kule juu mlimani. Moroni wakimcheka kwa maneno yake ya Kinzuani. Akipita kibarazani watu wanaiga sauti yake, naye anawajibu papo hapo: "Nyinyi Wangazija mkisalimiana mtu atadhani mnagombea shamba." Wanacheka, anacheka. Nilidhani kicheko kile ni upendo. Siku hizi najua mgeni huchekewa mpaka siku anapotafutwa wa kulaumiwa.

Walimwita Fundi. Alikuwa akisimama mlangoni mwa duka la Mhindi mmoja aliyekuwa na gramafoni, anasikiliza rumba za watu weupe wa mbali huko na nyimbo za Misri, na akirudi nyumbani hasemi na mtu. Ukimsemesha anakupungia mkono, kama unamwagia kitu alichokibeba kichwani. Anakwenda moja kwa moja kwenye fidla. Siku ya pili kikundi cha mtaa wetu kizima kinaujua ule wimbo: udi, akodioni, dumbaki, ngoma kubwa. Walikuwa wakivaa suti nyeupe na tarbushi, na wakianza, hata wazee wenye jongo walitikisa goti.

Sasa karani. Karani alikuwa mkalimani wa Mfaransa mkuu wa pale Moroni. Mtu akitaka kusema na serikali, maneno yake hupitia kinywani mwa karani. Shikilia hilo, nitalirudia. Alikuwa kijana mrefu, shati limepigwa pasi mpaka linakata, na mjomba wake, kaka wa mamake, ndiye aliyekuwa akimwandalia ndoa kuu.

Asiyekuwa wa kwetu namweleza. Mwanamume wa Ngazija anaweza kuoa kimya kimya, akazaa, akapata mvi. Lakini mpaka afanye ndoa kuu mbele ya mji mzima, bangweni yeye ni mtoto. Bangwe ni ule uwanja wanapokaa wanaume kuamua mambo. Asiyefanya ndoa kuu hukaa pembeni, akisema hajibiwi. Na ndoa kuu kila moja na wimbo wake mpya. Kikundi huutunga, huuficha, huufanyia mazoezi milango imefungwa, na siku yenyewe ndipo unapofunguliwa. Miguu ya kwanza kuucheza ni ya bwana arusi na hirimu lake. Baada ya hapo aucheze anayetaka. Lakini wimbo uliochezwa kwanza na watu wengine ni kiporo, na kiporo hakiwekwi mbele ya mgeni siku ya ndoa kuu.

Wimbo wa karani ulikuwa tayari. Mume wangu aliutunga chumbani kwangu, naujua tangu ulikuwa mluzi tu. Ndipo zikaja habari kwamba Mhindi mmoja wa Mombasa atateremka Mutsamudu na mashine ya kunasa sauti, kisha sahani zitapelekwa ng'ambo kutengenezwa. Karani akaja kwetu, akakaa kibarazani. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la mlango, nachagua mchele.

"Fundi, nasikia Mhindi anakuja kunasa nyimbo."

"Nami nasikia."

"Mpe wangu."

Mume wangu akacheka. "Wako bado umo ndani, karani. Mwari hatolewi nje."

"Sahani zinakwenda ng'ambo kupikwa. Mpaka zirudi nitakuwa nimeshaoa, na mke ana tumbo."

"Na zikitangulia?"

"Mhindi nitamwambia mimi azishike. Wimbo wa nani?"

"Wako."

"Basi. Nataka usikike Unguja, usikike Mombasa. Watu wajue huku pana watu."

Niliyasikia hayo kwa masikio yangu mawili, na masikio bado ninayo yote.

Tukaenda Mutsamudu kwa meli ndogo ya mizigo, kikundi kizima, nami nikafuatana na mume wangu kumwona mavyaa, mamake. Mhindi alikuwa amekodi ghala la bandarini. Ukutani kaegemeza magodoro, madirisha kayaziba magunia ya mbata, na ndani mna joto la kupikia mkate. Katikati palikuwa na meza, na juu yake sahani nene ya nta inayozunguka. Hakujua Kinzuani wala Kingazija, Kiswahili chake cha Mombasa, na mimi ndiye niliyewaelewesha wenzangu. Akiinua leso, pigeni. Akiishusha, nyamazeni. Mara ya kwanza wakapiga vizuri mno, wamekaribia mwisho, mchukuzi mmoja wa bandari nje ya mlango akapiga chafya kama bunduki. Mhindi akashika kichwa, akalia kama kafiwa. Nta ile ikatupwa.

Shida ilikuwa urefu. Bangweni wimbo wa arusi huenda mpaka watu wachoke. Sahani ya Mhindi haiwezi hata robo yake. Na desturi ni kwamba sifa za bwana arusi huja mwisho, watu wakishalowa jasho. Karani, aliyekuja kwa ruhusa ya Mfaransa wake, akasema sifa zake ziwekwe mwanzo, nta isije ikaisha kabla hajatajwa.

"Haiwi hivyo," mume wangu akamwambia. "Utaingiaje chumbani kabla ya kubisha hodi?"

"Fundi, sahani ni yangu."

Zikawekwa mwanzo. Mstari wa kwanza kabisa ukawa ni kumsifu mwana wa nyumba yenye mlango wa nakshi ya nyota, na mlango ule Moroni nzima inaujua, uko mmoja tu.

Mhindi akataka na makofi. Mimi na mavyaa tukatundikiwa shuka tukasimama nyuma yake. Mavyaa alikuwa mfupi, mkali, kazoea kupiga makofi kwenye ngoma za Patsy. Akaninong'oneza, "Mkwe wangu, piga kama unaua mbu. Hivyo unavyopiga unabembeleza mtoto, na mtoto mwenyewe hujazaa." Nikauma upande wa shela nisicheke. Makofi yale kwenye santuri ni yangu na yake. Vidole ni vya mume wangu. Nayasema haya ili ujue ni nini kilichovunjwa.

Tukarudi Moroni. Haukupita muda bibi yake karani akafariki, mama wa mjomba. Nyumba ikaingia matangani, ndoa kuu ikasogezwa mbele. Hapo hapana wa kulaumiwa, kifo hakiombi ruhusa. Lakini karani alisema atamwambia Mhindi azishike sahani, na hakumwambia. Nimemuuliza Mhindi mwenyewe baadaye, alipopita tena Mutsamudu. Akaapa kwa dini yake: "Dada, hapana mtu aliniambia kitu."

Santuri zikashuka. Mwenye duka wa Mutsamudu akazipanga dirishani. Mume wangu aliletewa fungu lake na nahodha, akalitia ndani ya gunia, gunia chini ya kitanda, na akaniambia hata mimi nisiguse. Siku ile ile akaenda kwa karani kumwambia zimefika. Aliporudi nikamuuliza, "Kasema nini?"

"Kasema, ukimtoa Mhindi wa duka, nani hapa Moroni ana gramafoni?"

"Wewe ukamwambiaje?"

"Nikamwambia yupo mtoto wa muuza vitambaa. Akacheka. Kasema yule hajui kusikiliza, anajua kupima mikono ya kitambaa tu."

Mtoto wa muuza vitambaa alikuwa wa mtaa wa chini, karibu na bandari. Naye alikuwa anaoa ndoa kuu. Yeye na karani walikuwa wakishindana tangu wana makamasi: nani kahitimu kwanza, nani kavaa viatu kwanza. Arusi yake ikaanza, nasi wanawake tukapanda madirishani na juu ya madari kutazama. Kikundi cha mtaa wao kikapiga, kikapumzika, kikanywa maji. Tukaona kiti kinaletwa katikati ya uwanja. Juu ya kiti ikawekwa gramafoni yenye tarumbeta kubwa kama ua la mgomba. Bwana arusi akaizungusha mpini kwa mkono wake mwenyewe, na joho lake la dhahabu, akaweka sindano juu ya santuri aliyoiagiza Mutsamudu.

Mstari wa kwanza: mwana wa mlango wa nyota.

Kisha yakaja makofi yangu. Nilihisi viganja vinaniwaka, kama nimekamatwa navyo. Bwana arusi akanyanyua mikono, akaanza kucheza, na hirimu lake zima likamfuata, wakicheza wimbo wa mtu mwingine, na sifa za mtu mwingine, na wanacheka mpaka tarbushi zinaanguka.

Mwanamke aliyekuwa ubavuni mwangu akasema kwa sauti, "Ala! Karani kaoa leo? Mbona hatukualikwa?"

Mwingine kutoka dari ya pili akamjibu, "Kaolea sahanini, mwenzangu. Bibi arusi sindano!"

Vicheko vikapita kutoka dari hadi dari. Watoto wakaudaka ule usemi. Ilipofika alasiri mji mzima ulikuwa unasema karani kaolea sahanini.

Mume wangu saa ile alikuwa chumbani kwangu anakula. Fidla ilikuwa msumarini.

Wazee wakaitisha shauri bangweni. Wanawake hatukai pale, lakini dirisha langu linatazama uwanja, na aliyeumbwa na masikio hasikilizi kwa macho. Mjomba wa karani akasimama, fimbo mkononi. Alikuwa na sauti ya taratibu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

"Fundi. Ule wimbo ulipigwa jana?"

"Ulipigwa, mzee wangu. Mimi sikuupiga. Aliupiga mwenye gramafoni."

"Vidole tulivyovisikia vya nani?"

"Vyangu."

"Basi ulipiga."

"Mzee wangu, nilikuwa nakula wali! Nilipiga Mutsamudu, ghalani, na karani kasimama mbele yangu."

"Mtu hawezi kuwa na vidole vyake mahali asipokuwepo." Akawageukia wazee. "Huyu Mnzuani kauza wimbo wetu."

Mume wangu akamtazama karani. Nilimwona. Alimtazama kama anavyomtazama mpiga dumbaki, kumpa zamu yake aingie. Karani angesema neno moja tu, kwamba yeye ndiye aliyetaka. Akatazama viatu vyake.

Mtoto wa muuza vitambaa hakuitwa. Babake ndiye aliyewavisha nusu ya wazee waliokaa pale.

Wakaamua. Fundi atoe ng'ombe aliwe na hirimu la karani, na atunge wimbo mwingine ulio bora kuliko ule. Mume wangu akakubali. Akasema, "Mji ukisema nimekosa, nimekosa." Wakasoma Fatiha. Kwetu Fatiha ikishasomwa, jambo limezikwa. Anayelifukua amefukua kaburi. Nilimwona karani ameinua viganja vyake viwili, vimefunguka, anaitikia amina.

Ng'ombe akanunuliwa Ijumaa asubuhi, akafungwa uani kwetu. Mume wangu alikuwa ameshaanza wimbo mpya. Ulikuwa mzuri kuliko ule wa kwanza. Nausema huo ushahidi mimi peke yangu, kwani hakuna mwingine aliyeusikia.

Tarishi wa ofisini ndiye aliyenieleza baadaye kilichotokea asubuhi ile ile. Yule Mfaransa naye alikuwa amenunua santuri, imempendeza. Akaingia ofisini anaupiga mluzi, ule ule wimbo, mstari wa sifa, huku anatafuta kalamu yake mbele ya karani. Matarishi wakaziba vinywa. Mmoja akashindwa, akacheka. Karani akavaa kofia akatoka, akenda sala ya Ijumaa. Mtu ametoka kusali, nakwambia. Kutoka msikitini akaja nyumbani kwangu na wenzake.

Walipita ubavuni mwa ng'ombe. Ng'ombe wa faini yao, kamba shingoni, anatafuna. Mjomba alibaki nje, kakaa kwenye kibaraza changu na fimbo yake, kama mzee anayesubiri kikombe cha chai. Mlango hawakubisha. Nyumba ya mwanamke, wanaume wasio ndugu zangu, hawakubisha! Wakalivuta gunia chini ya kitanda, wakaweka santuri kwenye gramafoni waliyokuja nayo, na karani akasema, "Tuonyeshe hivyo vidole vinavyopiga mahali ambapo wewe hupo."

Ya mchi nimeshayasema.

Wakishamaliza wakamtoa nje. Zamani kwetu aliyeaibisha mji alivishwa makonokono shingoni, akatembezwa kwa debe na matusi. Wao hawakuhangaika na makonokono. Santuri zina tundu katikati. Wakapitisha kamba ya kumbi kwenye matundu, wakabakisha moja ya gramafoni, nyingine zote wakamvika shingoni, nzito kama jiwe la kusagia, na mkono wake unaning'inia kama kitambaa kilichoroweshwa. Mmoja akabeba gramafoni nyuma yake. Wanaisimamisha kila pembe ya njia, wanaizungusha mpini, wimbo unalia, na wao wanampiga kwa kufuata makofi. Kwa kufuata makofi yangu! Nilikuwa nyuma, shela nimelishindilia jichoni, natambaa na ukuta, na kila nikisikia makofi yangu nasikia na kigongo kinashuka mgongoni mwake. Watu walisimama milangoni. Wengine walikuwa ni wale waliokuwa wakitikisa goti.

Palipo na ngazi za mawe meusi za kuteremkia bandarini, springi ya gramafoni ikalegea. Wimbo ukaanza kuvuta, ukawa mzito, sauti ya fidla ya mume wangu ikawa kama ya mtu mnene anayezama. Wakacheka. Mmoja akamsukuma kwa mguu. Akaanguka na kichwa, na santuri zote shingoni zikavunjika chini yake.

Alikaa kitandani kwangu muda mfupi, anachezesha vidole vya mkono mzima juu ya shuka. Kisha akafa. Akiwa bado anapumua, hirimu la karani likaja uani, likamfungua ng'ombe, likamchinja, likamla. Nilisikia harufu ya nyama kupitia dirishani. Mmoja alikuwa na haya, akaniletea sehemu ya ini katika bakuli. Nililitupa na bakuli lake.

Matanga yalipokwisha nikaenda kwa Mfaransa. Nimefunga uso, namshika mkono mamangu. Na nani aliyesimama ubavuni mwa meza, shati limepigwa pasi? Hakuwapo mkalimani mwingine. Nikasema yote kwa Kingazija: mchi, kiganja, kamba, ngazi. Karani akasikiliza mpaka mwisho, uso mkavu, kisha akamgeukia Mfaransa, akasema maneno machache. Kifaransa sijui. Lakini Mfaransa akanitazama kwa huruma, akafanya ishara na mkono wake, kitu kinashuka, kinashuka, kinaanguka. Nikafahamu. Katika yote niliyosema, kilichofika kwa serikali ni ngazi peke yake. Nikaonyesha jicho langu. Karani akaongeza neno. Mfaransa akaitikia kwa kichwa, akaandika.

Nikapiga kelele, "Mwongo! Mwulizeni mwingine! Mchi! Mchi!" Askari wakanitoa. Na mlangoni karani akaniambia taratibu, kwa lugha yetu, "Dada, nenda nyumbani. Nimeshakusemea."

Nyumba ile sikuweza kulala tena. Nilimwachia mdogo wangu wa kike, nikavuka kwenda Mutsamudu kwa mavyaa. Alinipokea bandarini, akaigusa fidla kabla hajanigusa mimi. Amekwisha kufa sasa. Mimi nawapikia wachukuzi wa bandarini mihogo na samaki, na wengine wao hawajui nililipotezea wapi jicho. Wanadhani ni ugonjwa. Santuri moja ninayo. Mavyaa aliinunua katika lile duka siku zilipofika, kwa sababu makofi yake yamo. Siipigi. Naifuta vumbi.

Na karani? Kaoa ndoa kuu yake, kwa kikundi kilicholetwa kutoka mbali, na anakaa bangweni mstari wa mbele, joho mabegani. Mjomba kafa kitandani pake, kasomewa hitima kubwa. Mtoto wa muuza vitambaa ana duka mara tatu ya lile la babake, na santuri anauza. Mfaransa yule karudi kwao. Sasa wanasema Wafaransa wote wataondoka, na wenye kusoma ndio watakaopewa viti, na karani anatajwa. Atatusemea, wanasema. Tena!

Mimi sitaki kiti. Sitaki ng'ombe. Nataka swali hili liulizwe bangweni, mchana, wazee wale waliobaki wakiwa wamekaa, na wanawake madirishani. Mji ulihukumu, ukasema kosa la mume wangu ni ng'ombe. Ng'ombe alitolewa. Fatiha ikasomwa, na wewe karani uliitikia. Mkamla ng'ombe, na mkono mkauvunja, na mtu mkamuua. Kosa moja lina faini ngapi katika desturi yenu? Na nyinyi wazee, aliyevunja Fatiha yenu mlimtoza nini?

Asimame ajibu mwenyewe, kwa Kingazija, lugha ambayo wote tunaifahamu na haina haja ya mkalimani. Aseme nani alitaka wimbo uende kwa Mhindi. Aseme nani aliushika mchi. Santuri nitaileta mimi, na sindano ninayo. Nitaweka, ataanza kutajwa yeye, kama alivyotaka, kisha vidole vya mume wangu, kisha makofi yangu. Wimbo ukimalizika, anijibu.